Kolwezi: Tovuti ikikatala kufunguka, si kila mara rezo ndiyo yenye kosa

Kwenye vibanda vya fotokopi vya Kolwezi, kuanzia Manika mpaka Dilala, kuna neno moja lenye kujibu kila shida: rezo. Kijana anakuja na dosie yake ya kuomba kazi kwenye kampuni moja inayotumikia migodi. Diploma imeskaniwa, barua imeandikwa, na siku ya mwisho ni leo saa kumi na moja. Anaandika adresi ya tovuti. Ukurasa unazunguka, unazunguka tu. Ao unakuja ukurasa mweupe wenye alama nyekundu. Ao zinatokea tarakimu tatu katikati ya skrini, na maneno ya Kiingereza chini yake. Mwenye mashini anaangalia, anatikisa kichwa: rezo iko mubaya leo, rudia kesho. Kijana analipa dakika zake, anaenda. Kesho yake dosie hazipokelewe tena.

Mambo hayo matatu si shida moja. Ukurasa wenye kuzunguka ni shida ya njia. Alama nyekundu ni shida ya karatasi za yule unayeenda kwake. Tarakimu tatu ni shida ya nyumba yake. Kila shida iko na mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe huyo anakaa kimya, juu wakaaji wote wanashitaki kampuni ya simu na hakuna mutu anayekuja kumugongea mulango.

Kwa muji ambao sehemu kubwa ya kazi inapita kwa dosie za intaneti, kutoka vijana wanaotafuta ajira mpaka makampuni madogo yanayotafuta soko la sous-traitance tangu sheria ya Februari 2017, kujua nani mwenye kosa si mambo ya mafundi peke yao.

Njia ya kwenda bahari

Tuanze na rezo yenyewe, juu mara nyingi ni kweli kwamba ina shida.

Kile ambacho simu ya Kolwezi inaomba hakiishie kwenye antena ya mutaa. Kinapita kwa waya ya fibre ao kwa antena zinazopokezana mpaka Lubumbashi, kilometa 300 hivi, na kutoka pale kinatafuta bahari. Upande wa magharibi, bahari ni Muanda. Pale ndipo kebo kubwa ya WACS inaingia inchini. Ilizinduliwa mwaka wa 2013 na mulango wake unachungwa na SCPT, shirika la serikali la posta na simu. Upande wa kusini, njia inapita Kasumbalesa, inaingia Zambia na kushuka mpaka Afrika Kusini. Tena, mwaka wa 2021, Facebook na Liquid walitangaza kazi ya fibre ya kilometa 2,000 hivi ndani ya Kongo, kutoka upande wa Atlantiki kuelekea Afrika ya Mashariki. Muji ulio katikati ya bara unahitaji njia mbili ao tatu, sawa vile soko linahitaji barabara zaidi ya moja: moja ikikatika, mzigo unachelewa lakini unafika.

Na zinakatika kweli. Januari 2020, na tena Agosti 2023, WACS ilikatika chini ya bahari, upande wa mulango wa muto Kongo. Muto ule unamwaga matope na muchanga ndani ya bonde refu lililoko chini ya maji. Siku moja matope hayo yanaporomoka sawa vile udongo wa mgodi unavyoporomoka wakati wa mvua, na kebo inakatwa. Poromoko la Januari 2020 lilipimwa na wataalamu: lilitembea zaidi ya kilometa 1,100 kwenye sakafu ya bahari. Wakaaji wa Lualaba wanaweza kucheka kwa uchungu, juu muto ule ni wao. Maji yanayopita kwenye bwawa la Nzilo yanaitwa Lualaba huku, yanabadilisha jina njiani na kuitwa Kongo, na mwisho yanaenda kukata intaneti ya watu walioyatuma.

Machi 2024, WACS ilikatika tena, mara hii upande wa Côte d'Ivoire, pamoja na kebo zingine tatu za pwani ya magharibi. Kutengeneza si kazi ya siku moja. Inahitajika meli maalum; kwa kukatika kwa 2023 ilikuwa Léon Thévenin yenye makao Cape Town. Inasafiri, inatafuta fasi yenyewe, inanyanyua kebo kutoka chini, inaunga, inaishusha. Wakati huo wote, njia zilizobaki zinabeba mzigo wa wote.

Hapo hatujasema juu ya mambo ya karibu: umeme wa SNEL unakatika, betri za antena zinaisha kisha saa kadhaa, ao koleo la mashini ya barabara linakutana na waya ambayo hakuna mutu alijua kama iko pale. Na kuna siku ambazo hakuna kitu kilichoharibika, ni amri tu: kisha uchaguzi wa mwisho wa 2018, intaneti ilikatwa inchi yote kuanzia 31 Desemba, na watu wakakaa karibu siku 20 bila kuipata.

Shida ya njia inajulikana kwa alama moja: haichague. WhatsApp inakawia, video inakwama, tovuti zote zinakuwa nzito. Kama tovuti tano zinafunguka vizuri na moja tu inakatala, kosa halipaswi kutupwa kwa kampuni ya simu. Jaribio lingine ni kubadilisha njia: toka kwenye wifi, weka mega za simu, ao omba mwenye laini ya kampuni nyingine ajaribu. Kama kwa Vodacom, Airtel na Orange ni mambo ile ile, basi shida iko mbele zaidi.

Kwenda na kurudi

Kuna uzito mwingine ambao watu hawauone, na huo unagusa zaidi tovuti zenye kufuli, yaani zile ambazo adresi yake inaanza na https.

Mbele ya kuona hata neno moja la ukurasa, simu na seva vinapaswa kusalimiana. Simu inauliza jina hili liko kwenye adresi gani. Kisha inabisha hodi na kungoja jibu. Kisha wanapatana namna ya kuficha maneno yao ili mutu wa katikati asiyasome. Kisha tu ndiyo simu inaomba ukurasa. Kila hatua ni safari ya kwenda na kurudi. Mwangaza ndani ya fibre unakimbia karibu kilometa 200,000 kwa sekunde. Kama seva iko Ulaya, kwa njia ya kilometa 10,000, kwenda na kurudi hakuwezi kupita chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, hata kama kila kitu kiko sawa. Zidisha mara nne. Kisha ongeza picha, kila moja na safari yake.

Kwa yule anayetumikisha satelite ya zamani, zile zenye kusimama kilometa karibu 36,000 juu ya dunia na zenye kutumika sana kwenye kambi za mbali, safari moja ya kwenda na kurudi inakula karibu nusu ya sekunde ao zaidi. Salamu tu zinapita sekunde mbili. Satelite za Starlink ziko chini sana, kilometa 550 hivi, ndiyo maana zinajibu haraka. Mamlaka ya ARPTC iliikataza kampuni hiyo Machi 2024, kisha ikaipa ruhusa Mei 2025.

Lakini kuna kitu ambacho mwenye tovuti anaweza kufanya bila kungoja satelite ya mutu. Namna mupya ya kufunga kufuli, inayoitwa TLS 1.3 na iliyotangazwa mwaka wa 2018, inapunguza salamu kwa safari moja nzima. Seva nyingi za leo zinaijua. Inabaki fundi aiwashe. Vilevile kuacha mulango wazi kidogo kisha ombi la kwanza, ili picha zinazofuata zisianze salamu upya. Vilevile kufinya maandishi mbele ya kuyatuma. Na picha! Ofisi inaweka kwenye ukurasa wa kwanza picha ya mukubwa akikata utepe, sawa vile ilivyotoka kwenye kamera, na picha hiyo inakula mega za mutu wa Kasulo ambaye alitaka kusoma tu tangazo la mistari kumi. Hiyo si rezo. Huo ni uvivu wa mutu fulani, na mwenye kuulipia ni yule mwenye mega kidogo.

Kuhusu kuweka seva karibu: Lubumbashi iko na fasi ya makampuni ya intaneti kubadilishana mizigo yao, LUBIX, sawa vile Kinshasa iko na KINIX na Goma na GOMIX. Maana yake, kama tovuti ya ofisi ya Kolwezi ingekaa kwenye seva ya Lubumbashi, na kama kampuni ya simu ya musomaji imeunganishwa pale, ombi lake halingekuwa na haja ya kwenda mpaka Ulaya na kurudi ili kusoma tangazo la jirani. Lakini tovuti ikikaa kwenye seva ya kukodi huko mbali, kila tangazo la kwetu linavuka bahari mara mbili.

Polisi wa rulaji na permi iliyokufa

Sasa alama nyekundu. Simu inaandika kwamba muunganisho si wa siri, kwamba watu wanaweza kukuibia. Wengi wanaogopa kwamba simu imeingia virusi. Mara nyingi sana ni kitu kidogo zaidi: cheti cha tovuti kimekwisha.

Cheti ni kama permi ya kuendesha. Kina jina la mwenyewe, kina tarehe ya mwisho, kina muhuri wa ofisi iliyokitoa. Simu yako inafanya kazi ya polisi wa rulaji: inasimamisha tovuti na kuangalia mambo hayo matatu. Kwenye Chrome, chini ya onyo kuna maneno ya herufi kubwa yanayoonyesha ni lipi lilikataliwa. Ukiona DATE, ni tarehe. Ukiona NAME, jina la cheti si jina la tovuti. Inatokea sana wakati fundi alichukua cheti cha jina lenye www na kusahau lile lisilo na www. Ukiona AUTHORITY, muhuri haujulikane.

Kwa tarehe, kuna mutego unaowapata watu wa Kolwezi kila siku: polisi anaangalia kalenda yake mwenyewe. Simu iliyozima kabisa kisha umeme kukosekana, ao mashini ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, inawaka na tarehe ya miaka mingi nyuma. Kwa mashini hiyo, vyeti vyote vya dunia ni vya wakati ambao haujafika. Basi inakataa Google, inakataa Facebook, inakataa tovuti ya kazi, na mwenye kibanda anasema rezo imekufa. Angalia saa na tarehe kwanza. Ni sekunde tano.

Kwa muhuri, alama yake ni ya ajabu: tovuti inafunguka vizuri kwenye mashini ya ofisi lakini kwenye simu inakatala. Mwenye tovuti anajaribu kwake, anaona iko sawa, na anawajibu wanaolalamika kwamba simu zao ni mbaya. Hapana. Kati ya cheti cha tovuti na ofisi kubwa inayojulikana na simu, kuna cheti cha katikati, na seva inapaswa kuvituma vyote viwili pamoja. Fundi akisahau cha katikati, mashini nyingi zinajitafutia zenyewe, lakini simu nyingi hazifanye hivyo. Ni mustari mumoja tu wa kurekebisha kwenye seva, na umefungia inje watu wote wenye simu peke yake, yaani karibu kila mutu.

Simu za zamani nazo ziko na hadisi yao. Tarehe 30 Septemba 2021, cheti mama kimoja kilichotumikishwa kuthibitisha tovuti nyingi sana duniani kilikufa kwa umri wake. Simu za Android za mbele ya 7.1.1 hazikujua kile kipya. Kwa wale wanaotumikisha Chrome kulikuwa na namna ya kuzisaidia, na namna hiyo ilifika mwisho wake Septemba 2024. Kwa hiyo simu ya mukono wa pili iliyonunuliwa sokoni, nzuri kwa macho, inaweza kukataa tovuti iliyo sawa kabisa. Kuweka Firefox kulikuwa kunasaidia kama simu haikuzeeka kupita kiasi, juu Firefox inabeba orodha yake yenyewe ya mihuri.

Na kwenye wifi ya kampuni kubwa, AUTHORITY inaweza kumaanisha kitu kingine: mwenye wifi amejiweka katikati ili kuangalia kinachopita. Kampuni nyingi duniani zinafanya hivyo kwenye mashini zao. Kwenye simu yako ya binafsi, ukiona onyo hilo pale tu na si kwa mega zako, usiandike neno la siri lolote.

Cheti cha bure, kusahau ni gali

Zamani mutu angesema ofisi haina feza ya cheti. Tangu mwisho wa 2015 sababu hiyo haiko tena. Let's Encrypt, shirika lisilotafuta faida la Marekani, inatoa vyeti bure kwa kila mwenye kuonyesha kwamba tovuti ni yake. Lakini vinaishi siku 90 tu. Shirika lilipanga hivyo makusudi, ili kazi ya kuvifanya upya ifanywe na programu, si na mutu.

Kazi hiyo ya programu ndiyo inakwama kimya kimya. Mutu anafunga mulango namba 80 wa seva akifikiri anaongeza usalama, kumbe ofisi ya vyeti inapita pale ili kuhakikisha. Ao cheti kipya kinafika kweli, kinalala kwenye diski, lakini seva haikuambiwa kukisoma, inaendelea kuonyesha cha zamani mpaka kinakufa. Ao seva ilihama na hakuna aliyekumbuka kuhamisha ile programu ndogo. Mbele, Let's Encrypt ilikuwa inatuma barua pepe ya kukumbusha. Tangu 4 Juni 2025 haitume tena.

Na muda unaendelea kufupishwa kwa vyeti vyote, hata vile vya kununua. Makampuni yanayotengeneza programu za kufungulia intaneti na yale yanayotoa vyeti walipatana Aprili 2025: kuanzia 15 Machi 2026 cheti hakipite siku 200, kuanzia 15 Machi 2027, siku 100, kuanzia 15 Machi 2029, siku 47. Ofisi iliyozoea kuita fundi kutoka Lubumbashi mara moja kwa mwaka itapaswa kumwita karibu mara nane. Haitawezekana. Ama watamwachia programu, ama tovuti zao zitakaa na alama nyekundu.

Kusahau hivyo si kwa ofisi ndogo tu. Inchi yenyewe ilisahau. Majina yote ya tovuti za Kongo yanayoisha na .cd yanategemea seva chache ambazo zinajibu swali la kila simu: jina hili liko wapi? Jina moja lililotumikishwa na baadhi ya seva hizo, scpt-network.com, lilifika mwisho wa kukodiwa kwake na hakuna aliyelilipia tena. Mutafiti wa usalama wa Sweden, Fredrik Almroth, aliliona katika mwaka wa 2020, akangoja aone kama mwenyewe atarudi, na mwisho wa Desemba akalinunua yeye, juu mwizi angeweza kulinunua vilevile. Alieleza kwamba karibu nusu ya maswali yote ya .cd yangeweza kupita mikononi mwake. Mutu mubaya angeweza kuwapeleka wakaaji kwenye tovuti ya uongo, tena angeweza kujipatia cheti cha kweli, chenye kufuli, kwa jina la banki ao la ofisi ya serikali. Mutafiti huyo aliwajulisha wahusika Januari 2021 na wakahamisha kazi kwa jina lingine.

Hakuna aliyeibiwa, na kwa hiyo habari hiyo ilipita haraka. Lakini ipimwe vizuri: jina la intaneti linalindwa na malipo ya dola chache kwa mwaka. Kwa dola chache, mulango wa inchi ulibaki wazi, na mwenye kuupita kwanza alikuwa mutu mwema kwa bahati tu.

Kubonyeza "endelea"

Hatari kubwa zaidi ya alama nyekundu haiko kwenye seva. Iko kwenye kidole cha mutu. Tovuti ya ofisi ya kweli ikikaa majuma mawili na cheti kilichokufa, wafanyakazi wa vibanda wanajifunza njia: bonyeza hapa, kisha bonyeza endelea, usiogope. Wanafundisha wateja. Kisha mwezi, kijana yule yule anafika kwenye tovuti ya uongo, anaona onyo la kweli, na kidole kinaenda chenyewe kwenye "endelea". Ofisi iliyozoeza watu kupuuza onyo imetayarisha kazi ya wezi bila kulipwa.

Kinyume chake pia ni hatari. Kufuli likiwa zima, wengine wanaamini kila kitu. Kufuli linasema tu kwamba maneno yako hayasomwe njiani na kwamba unaongea na jina lililoandikwa pale juu. Halisemi kama mwenye jina ni mutu wa haki. Mwizi naye anapata cheti cha bure kwa dakika chache. Kwenye muji ambao kila kijana anangoja tangazo la KCC, la Kamoa ao la Tenke Fungurume, tovuti yenye jina linalofanana, herufi moja imeongezwa, kufuli zuri, na "feza ya dosie" ya kutuma kwa mobile money, inatosha kumaliza akiba ya jamaa. Jina lisomwe herufi kwa herufi, na hasa mwisho wake, mbele ya mustari wa kwanza ulioinama. Na namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money haiandikwe kamwe ndani ya ukurasa wa tovuti ya kuomba kazi. Hakuna muajiri anayeihitaji.

Tarakimu tatu

Ukiona 404, 500, 502, 503 ao 504, kuna habari njema moja: rezo imefanya kazi yake. Ombi lako lilifika na jibu likarudi. 404 ni kwamba ukurasa huo hauko tena. Mara nyingi ofisi ilibadilisha tovuti na kuacha adresi ya zamani kwenye matangazo yake. 503 ni kwamba seva imelemewa ao imefungwa kwa matengenezo. 502 na 504 ni kwamba seva ya mbele iliuliza ile ya nyuma, na ile ikajibu vibaya ao ikakaa kimya. 500 ni kosa la ndani, na fundi atalikuta kwenye daftari la seva kama anajisumbua kulisoma. Mara nyingi ni kitu cha aibu: diski imejaa.

Kulemewa si bahati mbaya. Ofisi inapoweka siku moja ya mwisho, saa moja, kwa watu wote wa jimbo, inajua kwamba wote watakuja saa ya mwisho. Ni sawa na matokeo ya examen d'État: kila mwaka watu wanakimbilia fasi moja kwa wakati mumoja. Seva ya bei ndogo haiwezi. Kama dirisha la kupokea dosie linafungwa wakati mulango wake mwenyewe ulikuwa umefungwa, waombaji wako na haki ya kudai muda uongezwe.

Ndiyo maana picha ya skrini ni ya lazima. Ipigwe ikionyesha adresi nzima, saa, tarehe, na maneno ya kosa. Ile picha ndiyo tofauti kati ya kijana anayesema "rezo ilikuwa mubaya" na kijana anayesema "tarehe fulani saa kumi na nusu seva yenu ilijibu 503". Wa kwanza hana wa kumushitaki. Wa pili iko na ushahidi, na anaweza kuutuma kwa barua pepe siku ile ile, pamoja na dosie yake, mbele ya saa ya mwisho. Kwa ofisi za serikali, Kongo iko na Code du numérique tangu 13 Machi 2023, yenye kuongea juu ya huduma za umma kwa njia ya intaneti na juu ya kulinda habari za watu. Karatasi iko, kinachokosekana mara nyingi ni mutu mumoja aliyeandikwa jina, mwenye kazi ya kuangalia cheti, jina na diski ya tovuti ya ofisi yake.

Kwa wenye vibanda, kazi ni ndogo zaidi. Mashini nyingi zinazopoteza tarehe kila umeme ukikatika zinakosa kitu kimoja: betri ya mviringo inayofanana na ya saa, inayoitwa CR2032, iliyoko ndani, kwenye kibao kikubwa cha mashini. Zima mashini, toa waya wa umeme, fungula ubavu, toa ya zamani, weka mupya upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Kisha washa, rekebisha tarehe, na ujaribu tena ile tovuti.